Ghala Lililogeuka Jarida

Mimi ni karani wa forodha bandarini Mombasa, na kwenye hati za shehena hukutana na neno moja lililovaa nguo nyingi. Waitalia huandika magazzino, Waholanzi magazijn, Wahispania almacén, Wareno armazém. Kwa wote hao ni ghala. Ila ukiwa Paris, magasin ni duka, na Moscow vilevile, magazin ni duka. Kwa Mwingereza, magazine ni jarida kama hili ulilolishika, au kile kifuko cha risasi kwenye bunduki.

Asili yake ni Kiarabu: makhzan, mahali pa kuhifadhia, wingi wake makhazin. Wahispania na Wareno waliishi na Waarabu karne kwa karne, wakalichukua neno pamoja na al- yake. Ndiyo hiyo inayosikika hadi leo mwanzoni mwa almacén, na kwa Wareno ikageuka ar-. Waitalia walilipata katika biashara ya Bahari ya Mediterania, likawafikia bila al-. Kisha Wafaransa, na katika karne ya 16, Waingereza.

Huko Uingereza ndiko lilikobadilika kuliko kwingine kote, na hapo ndipo panaponivutia. Ghala lililohofiwa zaidi lilikuwa la baruti, jina likaganda hapo mpaka likaingia ndani ya bunduki yenyewe. Wakati huohuo waandishi wakaanza kuita vitabu vyao maghala ya maarifa. Mwaka 1669 Samuel Sturmy alichapisha The Mariner's Magazine, kitabu kinene cha kuwafunza mabaharia kazi yao. Halafu mwaka 1731, jijini London, Edward Cave akaanzisha The Gentleman's Magazine, chapisho la kila mwezi lililokusanya habari na makala kutoka magazeti mengine. Tangu hapo jarida likapata jina. Wafaransa nao wakaliazima upya kutoka kwa Waingereza, na leo Mparisi hununua magazine ndani ya magasin.

Sisi Waswahili tuna ndugu yake, naye hakupitia Ulaya: hazina, kutoka khazina ya Kiarabu, mzizi uleule wa kuhifadhi. Wakenya huiita Hazina wizara inayoshika fedha za nchi. Wamoroko wamekwenda mbali zaidi: palipowekwa kodi ya sultani paliitwa makhzan, na mpaka leo Makhzen kwao ni dola yenyewe, mfalme na watu wake wa ikulu.