"Ndoo!" Wiki ya Kwanza Shuleni na Jina Nililopewa

Januari ya mwaka huu wa 2026 shule yetu ilipokea wanafunzi wa Gredi ya 10, na wengi wao bado wanatuuliza sisi wa kidato cha tatu tuliwezaje kuizoea shule na kupata marafiki. Mhariri amenipa kazi ya kueleza. Nitaeleza, lakini aibu yangu nayo imo humo humo.

Kwanza fahamuni kwamba sisi ndio wa mwisho. Tulifanya KCPE mwaka 2023, ile ya mwisho kabisa tangu mtihani huo uanze mwaka 1985, tukaingia kidato cha kwanza Januari 2024. Mwaka 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza nchini, maana waliotufuata walikuwa wangali Gredi ya 9. Basi kwa miaka miwili mizima sisi ndio tuliokuwa wadogo wa shule. Wa kututuma kantini walikuwapo tele. Wa sisi kuwatuma, hakuna.

Mie natoka Mikindani, ng'ambo ya Makupa. Nyumbani twasema Kiswahili, tena insha zangu zilikuwa zikipata alama nzuri, hivyo nilikuja kisiwani nikijua lugha hainipi taabu. Nilishuka matatu Mwembe Tayari pamoja na baba, tukatembea hadi shuleni na barua ya kuitwa, risiti, na viatu vipya vilivyonibana. Mwalimu mkuu alitukaribisha kwa methali, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wiki ya maelekezo ni ya kutembezwa: hapa maktaba, hapa maabara, hapa kwa naibu (usifike bila kuitwa). Mwalimu wa ushauri nasaha akatwambia mlango wake u wazi. Yote hayo ni muhimu, lakini rafiki sikupata hata mmoja katika foleni zile. Kila mtu alikuwa akitazama mgongo wa aliye mbele yake.

Siku ya pili kiranja mmoja aliniona nimesimama chini ya mwarobaini, akapaza sauti: "We kijana, ndoo! Ndoo hapa upesi!" Nikatazama huku na huku, nikaona ndoo ya kupigia deki mlangoni mwa darasa. Nikaibeba mbio, nikampelekea.

"Hii hapa, kaka."

Wallahi, kicheko kilicholipuka siku ile nakisikia hadi leo. Nikabandikwa jina Ndoo. Wiki mbili nilikula viazi karai vyangu peke yangu nyuma ya maabara.

Aliyenitoa huko ni kijana wa Kibokoni niliyepangwa naye dawati moja. Hakunionea huruma, alinifundisha. Alinieleza kwamba katika Kimvita, lahaja ya wenyeji wa kisiwa hiki, mara nyingi penye "nj" yetu wao husema "nd". Njoo ni ndoo, njaa ni ndaa, njia ni ndia. Akanipeleka Mji wa Kale nikajionee kibao cha Ndia Kuu, yaani njia kuu, jina nililokuwa nikilisikia tangu utotoni bila kujiuliza. Vilevile "ch" kwao mara nyingi ni "t": macho ni mato, mchele ni mtele. Yeye naye alikuwa akikatwa alama akiandika hivyo, kwa sababu Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja. Na uamuzi huo ulifanywa mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa! Yaani Kimvita kilishindwa kwao nyumbani. Basi tukafanya biashara: mie namsahihishia insha, yeye ananifasiria mtaa.

Ramadhani ilipoingia, Machi 2024, akanialika kwao kufuturu ingawa mie si Mwislamu. Mamake akaniuliza kama nina njaa. Nikajibu, "Nna ndaa sana, mama." Nyumba nzima ikacheka, nami nikacheka nao, nikaongezwa kaimati.

Sasa ile aibu. Januari hii tulipewa sisi kazi ya kuwatembeza Gredi ya 10. Naibu alitukumbusha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inayokataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili ama kiakili. Hakuna aliyempiga mtu. Lakini siku ya tatu kijana mmoja aliyehamia kutoka bara aliitwa "ndoo" na mwenzetu, naye akaenda kuileta. Nilimwona tangu anapoinama kuishika. Ningeweza kumwambia. Nilinyamaza, kisha nikacheka kuliko wote. Nadhani nilifurahi kwamba jina langu limepata mrithi.

Kesho yake hakuja. Shule ya kutwa ina jambo hilo: aliyeumia hubaki kwao tu, nanyi mkadhani ana homa. Aliporudi nilimngoja langoni, nikamwambia kwamba Ndoo wa kwanza ni mimi.

"Mbona basi hukunambia?"

Sikuwa na jibu. Nikampa nusu ya viazi karai vyangu, akavikataa.

Tena nyinyi Gredi ya 10 mna kazi kuliko sisi. Kila mmoja ana masomo matatu aliyochagua, kwa hivyo mwatawanyika, na jirani wa asubuhi si wa mchana. Dawati lililoniokoa mimi huenda kwenu lisitoshe. Iliyobaki ni njia ya kwenda nyumbani. Yule kijana hukaa Likoni, basi mie na mwenzangu wa Kibokoni tukaanza kumsindikiza hadi kivukoni, ingawa kwetu ni kinyume kabisa. Siku za mwanzo alitembea mbele, hasemi. Wiki ya tatu akaanza kuuliza: na "chupa" je? Ni tupa. Na "njugu"? Ndugu! Hapo akasimama, akacheka mwenyewe.

Ijumaa moja wapita njia waliporuhusiwa kuingia feri, aligeuka akatupungia mkono. "Ndooni!" akaita. "Ndooni mwone kwetu!"

Ile "ni" ya wingi hatukumfundisha sisi.