Nyuki Mkata-Majani Si Adui wa Bustani

Ndugu wafanyakazi, mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na kila mwenye nafasi kidogo nyuma ya nyumba hapa Juba hupanda mboga. Mvua zikianza mwezi wa Aprili, pita Munuki, Gudele au Kator, utaona bamia, kunde, mbaazi na mlenda, ambao sokoni huitwa kudra. Bustani hiyo ni nyongeza ya mshahara. Mtu akikuta majani yake yamekatwa, ana haki ya kushtuka.

Mwenzetu mmoja alishtuka hivyo. Alikuta mbaazi zake zimemegwa pembeni, akaleta nyumbani dawa ya wadudu iliyobaki kazini, akanyunyizia mbaazi pamoja na kunde za jirani yake. Jioni ile ile majani ya kunde yalikuwa yachumwe kwa mboga ya watoto. Bahati nzuri mama yao alinusa dawa, akakataza. Tumeona yafaa tulieleze jambo hili lisije likarudiwa.

Kwanza, mtambueni aliyekata. Kiwavi hutoboa matundu na kuacha kinyesi. Panzi huacha ukingo uliochanikachanika. Lakini mkiona ukingo wa jani umekatwa duara au nusu duara, laini kama kwa mkasi, upana wa kifungo cha shati, huyo ni nyuki mkata-majani. Wala si chungu. Chungu wakata-majani ni wa bara la Amerika, hapa Afrika hawapo.

Nyuki huyu hali jani, bali hulijengea. Hana malkia wala mzinga. Kila jike ni fundi na mwenye nyumba yake. Hutafuta tundu katika mwanzi, mti mkavu, ukuta au ardhi. Humo hukunja vipande vya majani vikawa kikombe, akaweka unga wa maua na maji matamu ya maua, akataga yai moja, kisha akafunika kwa vipande vya duara. Vikombe hupangwa kimoja nyuma ya kingine. Mtoto akianguliwa hula akiba hiyo mpaka awe nyuki kamili. Jike haumi ovyo. Huuma akibanwa tu.

Faida yake i wapi? Nyuki wa asali hubeba unga wa maua miguuni, lakini huyu huubeba katika manyoya ya chini ya tumbo. Kila anapotua, unga humwagika kutoka ua hadi ua, na ndivyo ua linavyozaa. Nyuki wa jamii hii ni miongoni mwa wanaozalisha mbaazi vizuri. Huko Kanada na Marekani wakulima hufuga aina moja yao katika vibao vyenye matundu, ili wapate mbegu za lusini, majani ya kulishia mifugo. Wenzetu wale wanamtafuta, sisi tunamwua.

Basi tufanye nini? Mmea uliokwisha komaa haufi kwa kukatwa vipande vichache, tuuache. Mche mchanga tuufunike kwa chandarua kikuukuu mpaka upate nguvu. Vipande vya mianzi, vyenye tundu la upana wa penseli na vilivyozibwa upande mmoja, tuvifunge pamoja na kuvitundika chini ya paa, mahali pasiponyeshewa. Nyuki wataingia wenyewe.

Na neno la mwisho ni kwa wenzetu wa mashamba makubwa na viwandani. Dawa ya kazini ibaki kazini. Tusiichukue nyumbani, wala tusitie maji ya kunywa katika chupa zake. Sumu hiyo haichagui: humwua nyuki anayetuzalishia, hubaki kwenye jani, na jani huingia chunguni. Mkono unaodai glavu na vinyago kazini usinyunyize sumu ile ile juu ya mboga za watoto.