Mhubiri Mgeni na Vibali Vyake Viwili

Katika kata ya Kalangalala, mjini Geita, ambako dhahabu imevuta watu wa kila kabila na madhehebu ya kila namna, mtumishi wa dini anayetoka nje ya nchi, awe padre, mtawa, mchungaji au mwalimu wa madrasa, huhesabiwa na sheria kuwa mtu anayefanya kazi, hata kama posho yake haifikii mshahara wa kibarua wa mgodini. Wenyeji wengi hulisahau jambo hili wanapomwalika, wakidhani kuwa visa iliyogongwa kwenye pasipoti inamruhusu pia kuendesha ibada, kufundisha na kusimamia miradi ya kanisa au msikiti.

Visa ni ruhusa ya kuingia nchini tu. Ile ya kawaida, ambayo raia wa nchi nyingi huilipia dola 50 za Marekani, ni ya matembezi. Ile ya biashara, ya dola 250, humfaa anayekuja kwa shughuli maalumu isiyozidi miezi mitatu, na mhubiri wa mkutano wa wiki moja hana budi kuwauliza Uhamiaji mapema ni ipi inayomhusu, kabla majina hayajabandikwa kwenye mabango. Anayekuja kutumika kwa muda mrefu huhitaji vibali viwili, na kimoja hakishiki nafasi ya kingine.

Cha kwanza ni kibali cha kazi, ambacho chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 hutolewa na Kamishna wa Kazi. Watumishi wa taasisi za dini na za hisani zilizosajiliwa wamewekwa katika daraja D. Cha pili ni kibali cha ukaazi, yaani ruhusa ya kuishi nchini, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, na wamisionari kwa kawaida hupewa daraja C, pamoja na wanafunzi, watafiti na watu wanaojitolea.

Neno lenye uzito katika haya yote ni “zilizosajiliwa”. Mwombaji halisi ni taasisi inayomwalika mgeni, nayo hutakiwa kuonyesha cheti chake cha usajili, barua ya kueleza kazi anayoijia, na nakala za pasipoti na vyeti vya taaluma yake. Jimbo Katoliki la Geita, lililoundwa mwaka 1984, au Kanisa la Africa Inland, ambalo misheni yake ya asili ilishika kituo cha Nassa mwaka 1909, haliwezi kukwama hapo. Anayekwama ni mchungaji wa kanisa changa la mabati karibu na machimbo, lililojitenga na kanisa mama bila kujisajili kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa kuwa kisheria kanisa hilo halina mkono wa kumpokea mgeni.

Mapadre Weupe walioanzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1883, hawakuwekewa muda wa kuondoka, na wengi wa kizazi chao walizikwa huku huku. Siku hizi kibali cha kazi hudumu miezi isiyozidi 24 ndipo kihuishwe, na sheria inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Sharti hilo ni la haki, maana parokia iliyotegemea wageni kwa miaka mingi bila kuandaa mrithi imejidhulumu yenyewe.

Wahubiri wa Kenya na Uganda hupita mpakani bila visa kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini kibali cha kazi bado kinawahusu. Aidha, kwa kuwa ajira si jambo la Muungano, kibali kilichotolewa Bara hakimruhusu mtumishi kufanya kazi Zanzibar, ambako ataomba kingine kwa mamlaka za huko.