Degedege: Umeme wa Ubongo Unapochafuka

Leo tuzungumze juu ya degedege, ambayo huku pwani wengine huiita nyuni na kusema kuna ndege au pepo aliyempitia mtoto. Mimi sikucheki. Ukimwona mwanao macho yamegeuka juu, mwili umekakamaa, mikono na miguu inarukaruka, utashika sababu yoyote. Lakini chanzo kimo ndani ya kichwa chake.

Ubongo una mabilioni ya seli za neva, na kila seli ni kama betri ndogo. Betri ya tochi ina volti 1.5, seli ya neva ina karibu sehemu moja ya ishirini ya nguvu hiyo. Umeme huu hautoki kwenye waya, hutokana na chumvi za mwili. Seli husukuma sodiamu nje na kuweka potasiamu ndani. Ikipata ujumbe, vijilango kwenye ukuta wake hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, na umeme wa mahali pale hubadilika. Hapo vijilango vya jirani navyo hufunguka, kisha vya mbele yake, hadi mwisho wa neva. Neva zenye kasi sana hufikia karibu mita 100 kwa sekunde. Ndiyo maana ukigusa sufuria ya moto, mkono huwa umeshatoka kabla hujasema "ai!"

Kati ya seli moja na nyingine kuna mwanya. Hapo seli nyingi hutoa kemikali inayovuka na kuiambia ya pili ama "washa" ama "tulia". Amri hizo mbili zikienda kwa kipimo, mtoto anatambaa, ananyonya, anacheka.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ubongo bado unakomaa. Homa inaweza kuvuruga kipimo hicho, na seli nyingi zikawaka kwa pamoja. Amri zinashuka kwenye misuli zote mara moja.

Sasa fikiri: umeme umechafuka kichwani, wewe unashika miguu. Kumbana hakuuzimi. Kijiko mdomoni hakiuzimi, wala kitunguu, wala mafuta ya taa. Na ulimi haumezwi, mama, hilo ni uvumi tu. Nikiwa zamu katika zahanati moja, niliwahi kupokea mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetoka damu mdomoni. Degedege ilikuwa imekwisha njiani. Damu ilikuwa ya kijiko, na meno mawili yalikuwa yamevunjika. Mama yake alilia kuliko mtoto.

Basi mlaze chini, mahali pasipo na jiko wala kitu cha kumuumiza. Mgeuze alale ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Legeza nguo shingoni. Usimpe maji, uji wala dawa mdomoni mpaka azinduke kabisa, na usimmwagie maji baridi. Kisha tazama saa. Najua ni vigumu, maana dakika moja utaiona kama saa nzima.

Mara nyingi hukoma yenyewe kabla ya dakika 5, na wengi wa watoto hawa hawabaki na kasoro ya ubongo. Ikipita dakika 5, ikirudi siku hiyo hiyo, ikishika upande mmoja tu, au mtoto asizinduke, kimbia hospitali usiku huo huo. Hata ikikoma upesi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo. Homa ina mwenyewe: yaweza kuwa malaria, au homa ya uti wa mgongo, na hizo hazingoji asubuhi. Ukitaka kwenda kwa mganga ni hiari yako, ila pitia kwetu kwanza.

Ukifika, mwambie muuguzi ilianza saa ngapi, ilikaa dakika ngapi, na kama ilishika mwili mzima au upande mmoja.