Dawa ya Pamba na Nguvu za Misuli

Ukiteremka kutoka Kilembe kwa kuufuata mto Nyamwamba, utafika kwenye uwanda wa Kasese, ambako pamba imelimwa kwa miaka mingi. Mkulima hushinda na bomba mgongoni akinyunyiza dawa ya wadudu, na jioni hurudi nyumbani na nguo zile zile. Baadhi ya dawa hizo, hasa za jamii ya oganofosfeti, humwua mdudu kwa njia ile ile ziwezayo kumwua binadamu.

Mshipa wa fahamu haugusani na msuli. Kati yao pana upenyo mwembamba usioonekana kwa macho. Amri ya ubongo ifikapo mwisho wa mshipa, hutoka kemikali iitwayo asetilikolini, ikavuka upenyo huo na kuushtua msuli ujikunje. Msuli haupewi amri ya pili ya kulegea, ndugu msomaji. Hulegea kwa kuwa ile ya kwanza imefutwa. Kazi ya kufuta ni ya kimeng'enya kikaacho pale pale, nacho huivunja kemikali hiyo upesi kuliko kupepesa jicho.

Dawa ya wadudu hukifunga kimeng'enya hicho, na amri zikarundikana. Mate, machozi na jasho humtoka mtu ovyo, mboni husinyaa kama ncha ya sindano, misuli hurukaruka chini ya ngozi, kisha huchoka na kulegea, hata ile ya kuvutia pumzi. Sarini, gesi iliyotumiwa katika treni za Tokyo mwaka 1995, huua vivyo hivyo. Askari aliyesomea mambo ya gesi ataitambua jamaa yake katika chupa ya shambani.

Hospitalini mgonjwa huchomwa sindano za atropini. Hizo hukausha maji yanayojaa mapafuni na kuuamsha moyo uliopunguza mapigo, ila msuli uliolegea haziuponyi, na huenda akahitaji kusaidiwa kupumua kwa mashine. Basi msipoteze saa nyumbani kwa kumnywesha maziwa. Maziwa hayakifungui kimeng'enya. Wala msimtapishe. Mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, mwenye kuosha akiwa na glavu, kisha mpelekeni hospitali pamoja na chupa ya dawa ili daktari aisome.

Nami huwashangaa wanaoipima dawa hii katika chupa ya soda na kuiweka uvunguni, mtoto mwenye kiu akipita hapo kila siku. Iwekwe katika chupa yake yenyewe, ndani ya sanduku lenye kufuli, na nguo za shambani zifuliwe mbali na nepi.