Sakafu ya Simiti na Twahara ya Nyumba

Kisa cha juma hili kimeanzia mbali na bahari, katika mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega. Mama mmoja wa huko alituuliza mambo mawili kwa pumzi moja: mbona sakafu yake ya simiti haiishi vumbi hata akifagia mara tatu kwa siku, na je, mtoto akikojoa juu yake, kitambaa kibichi kinatosha? Tulidhani la kwanza ni la fundi na la pili ni letu. Tulipozingatia, tukaona hayaachani.

Neno lenyewe lina historia. Kwa Kiarabu ni dari au paa. Wazee wetu wa pwani walijenga ghorofa kwa boriti, mawe ya matumbawe na chokaa, na paa la aliye chini likawa sakafu ya aliye juu. Kule Magharibi ya Kenya nyumba nyingi zilikandikwa udongo na samadi ya ng'ombe, na baadhi hukandikwa hivyo hata leo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kinyesi cha mnyama ni najisi hata kikikauka, ijapokuwa Maimamu Malik na Ahmad wamelegeza kwa mnyama aliwaye. Mwenye sakafu hiyo asihuzunike: ikiwa kavu, akitandika mkeka safi, sala yake ni sahihi. Lakini mavumbi ya udongo ni maficho ya funza, na hapo simiti imewafaa wengi.

Sasa vumbi. Watu husema simiti "inakauka". La, inashikana kwa kuyanywa maji, na ikinyimwa maji mapema, uso wake hubaki unga. Sakafu mpya yataka kumwagiwa maji au kufunikwa magunia mabichi kwa siku 7 angalau, na nguvu zake huhesabiwa kwa siku 28. Fundi mwenye haraka huongeza maji katika mchanganyiko ili uteleze chini ya mwiko, kisha familia huhamia siku ya tatu. Vumbi la mama yetu huenda lilitokea hapo. Isipokuwa imeharibika mno, sakafu hiyo husafishwa vizuri, ikaachwa ikauke, kisha ikapakwa dawa ya kugandisha uso au nta. Nta iwe nyembamba, maana bibi mzee akiteleza, hasara yake hailingani na mng'aro wowote. Limau, siki na dawa kali za choo zisikaribie simiti, kwani ukali wao huila. Jiko la makaa nalo liwekewe tofali chini, kwa kuwa joto hupasua.

Ama mkojo, kitambaa kibichi peke yake huisambaza najisi. Mkojo ukaushwe kwanza kwa kitambaa, kisha maji safi yamiminwe hadi yaenee mahali pote ulipofika. Bedui alipokojoa msikitini, Mtume (S.A.W.) aliamrisha pamwagiwe ndoo ya maji, wala hakuamrisha papanguswe. Mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, ambaye chakula chake ni maziwa tu, kunyunyizia maji yakaenea kunatosha. Hapa ndipo fundi na sheikh wanapokutana: sakafu ya unga huunywa mkojo na kubaki na harufu, na sakafu isiyo na mwinamo kuelekea mlangoni huyaacha maji yamesimama, mama akachoka, akarudi kwenye kitambaa chake. Anayejenga na amwambie fundi habari ya mwinamo kabla zege halijamwagwa.

Limebaki la unyevu. Kakamega hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na pasipowekwa karatasi ya nailoni chini ya zege, maji hupanda kutoka ardhini. Tulimshauri mama abandike kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe, pande zote nne, akiache siku nzima. Alipokibandua, upande wa chini ulikuwa na matone. Sasa mkeka wake wa kusalia haulali chini usiku. Huutundika ukutani, na busati la sebuleni hulitoa juani kila mvua inapopumzika.