Redio ya Zamani Isichomekwe Kabla ya Kapasita Kubadilishwa

Msomaji, ikiwa umerithi redio ya valvu ya kutumia umeme, nawe wakaa Olympic, Kibera, au umeileta kwa fundi huko kutoka shamba, usiichomeke kwa haraka ya kusikia sauti. Umeme wa Kenya ni volti 240, na ndani ya redio hiyo huenda mna kapasita za karatasi yenye nta. Kwa miaka 60 na zaidi karatasi hiyo imenyonya unyevu, na sasa huvujisha umeme. Mbaya kupita zote ni ile ndogo iliyo mbele ya valvu ya mwisho: ikivuja, valvu hupata moto kupita kiasi, na hata transfoma ya spika huweza kuungua. Kapasita ni ya bei ndogo. Transfoma hiyo utaitafuta mpaka uchoke.

Yafaa fundi atie mpya zenye maikrofaradi zile zile na volti zisizopungua za zamani. Zile kubwa za kutuliza umeme zina upande wa chanya na wa hasi. Zikigeuzwa huweza kupasuka. Tena hushika umeme hata waya ukiisha kuchomolewa, basi fundi aumalize kwa rezista, apime kwa mita, ndipo atie mkono. Valvu zenyewe usikimbilie kuzibadilisha. Mara nyingi bado ni nzima.